Duara Tupu

Benchi letu limejibanza kando ya meza ya mama muuza kahawa, na asubuhi hiyo aliyekaa katikati alikuwa Dokta Gome, muuza dawa za miti shamba, mkononi ana barua ya maabara. Alikuwa amewapelekea chupa ya dawa yake waijaribu kwa bakteria wa vidonda. Mkewe kashasema: ikifeli, biashara inafungwa, anakwenda kubeba zege kwa shemeji yake. Miwani kaiacha nyumbani, kwa hiyo barua akampa Fundi Saa.

— Matokeo, Fundi Saa akasoma. Duara tupu, milimita ishirini na mbili.

— Tupu?

— Tupu, kaka. Umepata sifuri, wakaichora, wakaipima na upana!

Kocha, ambaye hajawahi kuwa na timu, akaweka kikombe chini.

— Hiyo si kufeli. Hayo ni matusi.

— Labda bakteria wenyewe wasomi, nikatia neno. Wamezaliwa maabara, wanalala kwenye vioo. Dawa ya porini wataijulia wapi?

— Wasomi wapi! akasema Fundi Saa. Wameinywa wakanenepa. Saa hizi wana vitambi.

— Wamehama, Kocha akakata shauri. Wameacha duara tupu, wamekwenda kushtaki.

— Chekeni tu, akanung'unika Gome. Mimi nishaanza kusikia mgongo unauma.

Mara akafika dada mmoja, koti jeupe mkononi. Ndiye aliyefanya vipimo.

— Shikamoo, Dokta. Hongera! Mbona umenuna?

— Marahaba. Hongera ya tupu?

— Tupu maana yake wamekufa! Kisahani kizima kimejaa bakteria, ila pale ilipowekwa dawa yako hakuna hata mmoja.

Tukapiga makofi, kahawa zikamwagika. Gome akasimama, kifua mbele, kama bwana harusi.

— Sasa tunataka kuijaribu kwa minyoo, dada akaendelea. Tutengenezee nyingine ileile. Uliweka nini na nini?

Gome akakaa tena.

— Siku ile... nilikuwa nimegombana na mama watoto. Nilikuwa natia tu.

— Unatia nini?

— Chochote nilichokishika.

Kocha ndiye aliyemshika bega.

— Nenda nyumbani, kaka. Kagombane naye upya. Sisi tutakaa dirishani tuandike.