Wiki Mbili za Bi Upawa

Ndugu na jamaa, majirani, walimu, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi leo, mimi ni mdogo wake marehemu, wa mwisho katika tumbo la mama yetu, fundi uashi kwa kazi, na familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya dada yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Upawa, nami naomba mnivumilie, kwa sababu imo humu sehemu ambayo sijawahi kuisema mbele za watu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya watano, baba yetu akiwa kibarua wa barabara na mama akifua nguo za watu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, ambako vumbi la mbao lilikuwa likiingia mpaka kwenye chumvi. Alianza darasa la kwanza Januari 1966, shule ikiwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, akiondoka nyumbani hajatia kitu mdomoni na kurudi jua limeshapinda, na siku moja mwaka 1968 aliitwa ubaoni kusoma akaanguka, mwalimu akadhani anafanya mzaha, ila mwenyewe alitusimulia kwamba herufi zilianza kutembea kama sisimizi, akazifuata kwa macho, akajikuta sakafuni. Alimaliza darasa la saba mwaka 1972, matokeo hayakumfikisha mbele, wala hakumlaumu mtu, alisema tu kwamba hesabu za asubuhi alizielewa zote na za mchana hakuelewa hata moja.

Kati ya mwaka 1975 na 1976 alijifunza ushonaji, akapata cheti, na hiki ndicho kitu alichokipenda, naomba lieleweke hilo, dada yangu hakuzaliwa anapenda kupika. Alikuwa akipita barabarani anasimama kutazama pindo la gauni la mtu asiyemjua, na alishachagua hata chumba cha kupanga, cha pembeni mwa mtaa, chenye dirisha kubwa upande wa mashariki, ili cherehani ipate mwanga. Akitafuta mtaji alifanya kazi miaka miwili katika jiko la hospitali, akipikia wagonjwa, kisha tarehe 2 Julai 1979 aliajiriwa shule ya msingi kuwa mfagizi.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1982 na shemeji yetu, dereva wa greda, mtu wa maneno machache na kicheko kikubwa, ambaye kazi yake ilimtaka ahame na kambi za barabara. Walijaliwa watoto watatu, binti mkubwa aliyezaliwa tarehe 24 Septemba 1983, kijana wao tarehe 11 Septemba 1991, na kitinda mimba tarehe 19 Septemba 1994, na kama kuna anayejiuliza kwa nini wote ni wa Septemba, basi ahesabu miezi kurudi nyuma mpaka likizo ya Desemba, ndipo baba yao alipokuwa akipatikana.

Mwaka 1984 mvua zilikuwa zimegoma mara mbili mfululizo, na watoto wadogo, wa darasa la awali hadi la tatu, walikuwa wakilala juu ya madawati kabla ya saa nne asubuhi. Mwalimu mkuu wa wakati ule, mzee mpole ambaye naye ametutangulia, alisikia kwamba mfagizi wake amewahi kupikia hospitali, akamwita na kumwambia, "Mama, nishikie sufuria wiki mbili tu, natafuta mtu." Jumatatu tarehe 16 Januari 1984 dada alianza, mtoto wa miezi minne mgongoni, na mtu huyo aliyekuwa akitafutwa alipatikana mwaka 2015.

Jiko lenyewe wengi wenu mlilijua kwa nje, nami nililipima kwa mkono wangu, hatua nne kwa tano, bati juu, mafiga matatu, dirisha moja lililozibwa kwa waya ili kunguru wasiingie, na mlango uliofunguka kwa ndani, kiasi kwamba sufuria kubwa ikiwa motoni mlango haukuweza kufunguka wote, na mpishi akawa kwelikweli amefungiwa na chakula chake. Humo alipika uji, na muuguzi wa zahanati alipokuja na utepe wake kupima mikono ya watoto akamwambia uji mtupu unashibisha tumbo tu, haujengi mwili, dada akataka maharage, akataka mafuta, akataka mboga za majani, akachimba bustani nyuma ya vyoo, na kufikia mwaka 1986 kila mtoto alikuwa akipata sahani iliyokamilika, na yai siku ya Ijumaa.

Mwaka huohuo kamati ya shule iliamua kwamba wale tu ambao wazazi wao wameleta nafaka ndio watakaokula. Dada alipika kama kawaida, akafunika sufuria, akaweka kigoda mbele yake, akakaa, akawaambia wanakamati, "Wanakula wote au hali mtu. Mimi siwezi kumuuliza mtoto wa miaka sita baba yake ameleta nini." Watoto walisubiri kwenye mstari, wazee wakasubiri kivulini, na ilipofika saa nane mwenyekiti akasema, "Basi, wape. Na ufunguo wa ghala kaa nao wewe, maana hilo jiko sasa ni lako." Watu walipiga makofi. Dada alinieleza baadaye kwamba aliposikia yale makofi alihisi kama mtu anapigilia mbao.

Mwishoni mwa mwaka 1989 shemeji alipata kazi ya kudumu katika karakana, katika mji ulio mwendo wa siku mbili kutoka hapa, na nyumba yenye bomba la maji ndani. Tarehe 6 Januari 1990 dada alikabidhi ufunguo, akafunga mizigo, akaenda kwa mumewe, akanunua cherehani ya mkono, na kwa muda wa wiki tatu alikuwa mke anayekaa na mume wake. Wiki ya nne mwalimu mkuu alipiga hodi. Alikunywa chai, akauliza hali ya mtoto, kisha akasema kwamba jiko limefungwa tangu siku ya tisa baada ya yeye kuondoka, na kwamba kati ya watoto mia mbili na kumi na wanne, tisini hawaji tena, na baadhi ya wanaokuja wanakaa mlangoni pa jiko na vikombe vyao, hawaambiwi kitu, wanakaa tu. Hakumwomba arudi. Aliweka ufunguo mezani, karibu na birika. Shemeji ndiye aliyesema, "Uchukue, mama watoto, usijidanganye. Ila ujue ukiuchukua hutaurudisha." Akauchukua. Alisema ni mpaka wapate mtu.

Kuanzia hapo ndoa yao ikawa ya likizo na barua. Binti mkubwa alikulia hapa kwa mama yake, na yule kitinda mimba alipofika darasa la kwanza alipanga mstari kama wengine, akapimiwa upawa uleule, akaitwa "mwanangu" kama walivyoitwa wote, na ameniruhusu niseme kwamba neno hilo lilimuudhi utoto wake wote, kwa kuwa alitaka mama yake amtafutie jingine.

Shule ilimtunza kwa namna yake. Mwaka 1997 walimpa cheti chenye fremu kilichoandikwa "Nguzo ya Shule", akashukuru vizuri, na tulipofika nyumbani akakitazama na kusema, "Nguzo ni kitu kinachochimbiwa chini." Sote tulicheka, naye alicheka. Mwaka 1999 alifundisha kazi kina mama wawili kwa matumaini ya kuwaachia, mmoja akaolewa mbali, mwingine akapata kazi nyepesi zaidi hotelini. Mwaka 2001 ilivuma kwamba anaondoka, na wazazi wapatao thelathini wakaja kusimama uani kwake, hakuna aliyepandisha sauti, mama mmoja mwenye watoto sita akasema, "Hatukuzuii, dada, tunakuomba tu." Walipoondoka aliniambia, "Wangenikataza ningekwenda. Lakini wanaomba. Utamrukaje mtu anayekuomba?"

Sasa nafika pale nilipowaambia. Jumatatu tarehe 9 Oktoba 2006, marehemu aliandika barua ya kuacha kazi, kwa mwandiko wake mzuri, akieleza kwamba kifua kinamsumbua na kwamba mume wake yuko peke yake, akanikabidhi mimi niipeleke, kwa kuwa nilikuwa katibu wa kamati ya shule. Sikuipeleka. Wakati ule mapacha wangu walikuwa darasa la kwanza na mimi sikuwa na kazi tangu Juni, na sahani ile ya mchana ndiyo iliyokuwa ya uhakika kwao. Niliiweka barua ndani ya sanduku langu la vifaa, chini ya timazi, nikamwambia kamati inalijadili. Aliniuliza mara moja Novemba, akaniuliza tena baada ya likizo, kisha hakuniuliza tena.

Shemeji yetu alifariki ghafla Jumatano tarehe 4 Machi 2009, akiwa karakana. Habari zilimfikia dada jikoni saa tano na nusu, nami ndimi niliyezileta. Alinisikiliza, akageuka, akapakua sahani mia mbili na sitini, hakuweka upawa chini mpaka mtoto wa mwisho, kisha akavua aproni, akaikunja, akaniambia, "Haya, twende."

Kikohozi kilimwanza mwaka 1998. Daktari wa kwanza kumpima alimuuliza anavuta sigara ngapi kwa siku, dada akacheka mpaka akakosa pumzi, kwa sababu hajawahi kushika sigara maishani mwake, lile jiko ndilo lililokuwa likivuta na yeye akiwa ndani. Agosti 2015 alianguka kati ya jiko na ghala, akastaafishwa kwa ugonjwa, na katika muda wa wiki tatu waliajiriwa wapishi wanne, wenye zamu na likizo, na mwaka uliofuata likajengwa jiko jipya lenye bomba la moshi na milango miwili. Alipelekwa kulitazama. Aliwasalimu wale wanne mmoja mmoja, akatoka nje, akasema, "Kumbe walikuwapo."

Cherehani alikuwa nayo, na dirisha tulimpanulia, lakini mapafu hayakumruhusu kukaa zaidi ya dakika kumi bila mashine ya hewa, na mrija wa mashine ulikuwa mfupi, kwa hiyo miaka yake ya mwisho aliishi kati ya kitanda na kiti. Mei mwaka huu nilikaa kwenye ukingo wa kitanda hicho nikamwambia habari ya barua. Akasema, "Nilijua mwaka uleule. Ningeweza kwenda mwenyewe, ofisi ilikuwa hatua arobaini. Sikwenda." Halafu akasema, "Utakaponiandika, usiandike kwamba nilijitolea. Andika kwamba nilibaki." Nilimwomba msamaha. Aliniambia nimwekee mto vizuri, nikauweka, na mpaka leo sijui kama hilo lilikuwa jibu.

Alilazwa tarehe 2 Juni, na alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2019, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na moja, miezi mitatu na siku mbili. Ameacha watoto watatu na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, waliomhudumia kwa upole, majirani waliokuwa wakikimbia na betri kila umeme ulipokatika, walimu wa shule yetu, na wale wapishi wanne, ambao tumewasihi wasije leo asubuhi kwa sababu watoto wanakula saa sita, nao watafika wakimaliza. Wengi mnaonisikiliza hapa mlikula mkononi mwake, na mifupa mliyosimama nayo ameijenga yeye, nami nawaomba mkifika nyumbani msimsifu tu, mkae na jambo hili pia, kwamba alitaka kwenda na sote tulimwona.

Dada yangu, tumeshakula, tumeshiba. Hakuna aliyekaa mlangoni na kikombe, hakuna anayekuja na ufunguo. Pumzika kwa amani, na safari hii hatutakuomba urudi.