Hilaire Ndayizeye na Mrithi wa Baroneti wa Mwisho

Bwana Hilaire Ndayizeye anastaafu tarehe 29 Juni 2018, baada ya miaka kumi na tisa ya kuwahudumia wakazi wa nyumba yetu ya wazee hapa Jette, Brussels. Bujumbura alikuwa mwalimu wa hesabu. Brussels alijifunza upya kuogesha, kulisha na kunyoa. Aliimba tenzi akiwa kazini, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Hata hivyo, wazee wengi walikataa kunyolewa na mtu mwingine.

Mmoja wao alikuwa Mwingereza, Sir Ambrose Pellingham, baroneti wa tisa. Ubaroneti ni cheo cha kurithi kinachompa mwenyewe haki ya kuitwa Sir. Cha akina Pellingham kilitolewa na mfalme mwaka 1683, kikashuka kutoka baba hadi mwana. Mara mbili kilihamia kwa mtoto wa ndugu, vita vilipowamaliza wana. Sharti halikubadilika: mwanamume tu. Sir Ambrose alikuwa na mtoto mmoja, Rosalind, ambaye tangu utotoni aliambiwa na shangazi zake kwamba kwa kuzaliwa msichana ameua cheo cha ukoo.

Mzee alifariki Februari 2009, na cheo kikakoma. Baada ya mazishi Hilaire aliandaa siku ya kuondoa matanga katika chumba chetu cha chakula. Kwa desturi ya kwao Burundi, siku hiyo watu huonyeshwa mrithi wa marehemu. Basi akamsimamisha Rosalind mbele yetu na kumtangaza kuwa baroneti wa kumi. Kisheria lilikuwa kosa, na Thérèse wa jikoni, mzaliwa wa Lubumbashi, hakulinyamazia.

"Tonton, weye! Ile titre ya Sir imekufa. Kule kwabo mwanamuke hana droit, hana haki!"

"Bon, titre imekufa," Hilaire akajibu. "Mutoto naye amekufa?"

Watu walicheka. Rosalind alipotafsiriwa maneno hayo, yeye ambaye hakutoa chozi hata makaburini alilia, na Thérèse mwenyewe ndiye aliyemshika.

Mwanasheria wa familia alikuwa ameagiza jiwe la kaburi lenye maneno "Baroneti wa tisa na wa mwisho." Kabla ya kurudi Uingereza, Rosalind aliomba mstari mmoja uongezwe chini yake: "Baba wa Rosalind."

Mzee Hilaire, tunakushukuru kwa kazi yako. Ustaafu wako uwe wa afya, furaha na miaka mingi.