Edwin Obbo, Aliyemjengea Kaka Yake Kwanza

Leo Jumamosi, tarehe 18 Oktoba 2025, tunamsindikiza Edwin Obbo hapa Kiyeyi, na watu wa boma hili wametuachia sisi mashemeji zake wa upande wa Kenya kazi ya kumweleza. Walisema wao wakianza watalia. Hata sisi tutalia, ila tuna ruhusa ya kumtania kidogo kwanza, maana shemeji ni shemeji hata akiwa ndani ya sanduku.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1968 hapa hapa Kiyeyi, wilaya ya Tororo, mtoto wa pili wa hayati Yokana Owor na hayati Mama Nyafwono. Aliyemtangulia ni Omaido. Dada zao wawili waliaga dunia wakiwa wachanga, kwa hiyo boma likabaki na wavulana wawili waliolala mkeka mmoja na kugombania blanketi moja.

Mwaka 1975 alianza darasa la kwanza. Msimu wa mvua kijito kilipofura, Omaido alimvusha mgongoni, naye Edwin huko juu akishika madaftari ya wote wawili na kutoa amri kama mkuu wa wilaya. Baadaye karo ikawa shida, na baba yao akasema mmoja itabidi abaki nyumbani. Hakusema nani. Asubuhi yake Omaido aliamka mapema, akachukua jembe, akaenda shambani bila kuaga. Ndivyo Edwin alivyofika darasa la saba, akamaliza mwaka 1981. Hakuendelea zaidi, lakini kila alipoandika jina lake alisema Omaido ndiye aliyelipa herufi zile.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa Malaba, kuanzia mwaka 1987, akibeba watu na magunia kwa baiskeli kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili, akipenya kati ya malori. Miguu ilipochoka alirudi nyumbani, akajifunza kwa mjomba wake kuezeka nyumba kwa nyasi. Katika kazi hiyo hakuwa na mpinzani kuanzia hapa hadi Nagongera. Watu walikuwa wakisema ukitaka kuijua nyumba aliyoiezeka Obbo, ngoja mvua inyeshe.

Ndoa yake ilianzia kwenye tope. Mwaka 1996 dada yetu Bridgit Nanjala alikuwa akitoka Busia kwenda kuuza nguo Malaba, akapanda baiskeli ya Obbo, lori likapiga honi, na wote wawili wakaangukia dimbwini pamoja na mzigo. Nanjala alimpa maneno ambayo hayasomwi mbele ya padri. Kesho yake Obbo alimtafuta soko zima, akampata, akampa mche mzima wa sabuni. Alipokuja kwetu kujitambulisha, tayari tulikuwa tunamwita Shemeji Sabuni, na jina hilo alilipokea bila kinyongo. Ng'ombe wa mahari walipomalizika kufika, ndoa ilibarikiwa kanisani tarehe 8 Desemba 2001.

Mwaka 2004 Omaido aliondoka kwenda Majanji, kando ya ziwa, kuvua samaki. Alikopa nyavu, nyavu zikaibiwa, naye akaona haya kurudi nyumbani mikono mitupu. Akaelekea visiwani, simu ikakatika, na baada ya hapo hapakuwa na habari.

Hapa lazima tuwaeleze wageni jambo moja. Kwa mila ya ukoo huu, mdogo hamtangulii mkubwa kujenga. Anaweza kukaa kwenye kibanda cha ujana wake, azae humo na mvi zimtoke humo, lakini nyumba ya kudumu haisimamishi mpaka mkubwa wake awe na yake na awe amelala ndani yake. Hivyo mtu aliyeezeka nyumba za nusu ya kata aliishi na mke na watoto watatu kwenye kibanda chenye paa alilolitia viraka mpaka hapakuwa tena na mahali pa kiraka.

Juni 2022 shirika moja lilikuja Kiyeyi, likasema litatuma pesa kwa simu kwa kila boma, mara mbili, bila mkopo, na kila mtu afanye atakalo. Watu hawakuamini. Wengine walisema ni pesa ya majini, kwamba nyoka atakuja kudai mtoto. Siku ilipoingia, Nanjala aliificha simu ndani ya chungu cha mtama na kuichungulia kila mara kama aliyetegea kuku anayetaga. Nyoka hakuja. Mtoto wao Quinter alirudi shule, magodoro yakaingia, mbuzi wawili wakafungwa nyuma ya jiko, na watoto wakaanza kula mchana na jioni. Kijiji kizima kikanunua mabati, na kazi ya kuezeka nyasi ikafa kifo cha ghafla. Obbo alicheka mpaka akakohoa. "Hii pesa imefuta mimi kazi," alisema, "na mimi mwenyewe ndiye nimepokea yake na mikono miwili."

Kwa sehemu kubwa ya pesa ile ya kwanza alimjengea Omaido nyumba. Vyumba viwili, mabati mapya, mlango wenye kufuli. Nanjala alisimama uani akashika kichwa. "Baba Fidel, huyu mtu hatujui hata kama ako hai, na watoto wako wananyeshewa!" Naye akajibu polepole, "Mama Fidel, mimi siwezi ruka Omaido." Dada yetu alifunga virago akarudi kwetu Busia, akakaa mpaka mtama ukavunwa. Obbo alimfuata, akaketi uani kwetu tangu asubuhi, akamwahidi kwamba pesa ya pili ikija ni nyumba yake.

Alitimiza neno lake. Mwaka 2023 pesa ya pili ilipofika alinunua mabati, miti na misumari, akavihifadhi ndani ya nyumba ya kaka yake, kisha akaenda kwa wazee kuomba ruhusa. Mzee Okochi, baba yake mdogo, akamwambia, "Ile nyumba mwenyewe hajalala. Lakini njia iko. Tunakata mgomba, tunazika kama Omaido, tunalia siku moja, kesho wewe najenga." Wote waliona ni shauri jema. Nanjala alikuwa amekwisha kuuchagua mgomba wenyewe. Obbo akavua kofia, akasema, "Wazee, nikizika yeye na kesho akuje, nitaambia yeye nini? Kwamba mabati ilikuwa nzuri?" Mkutano ukavunjika hapo. Wengi walimwona mjinga, na tuseme ukweli, wengine wao ni sisi mashemeji zake. Watu walipomwambia Nanjala kwamba subira huvuta heri, aliwajibu kwamba subira ya mume wake inavuta mvua.

Septemba 2024 kikohozi kilimkamata. Hospitalini walisema mapafu yamechoka, wakampa dawa, na mbuzi wote wawili wakauzwa. Februari mwaka huu Felistus, mama anayeleta samaki kutoka Majanji, aliingia uani hata kabla ya kutua beseni. "Omaido nimeona na macho yangu! Ako mzima, ndevu nyeupe." Alikuwa amemwambia kwamba mdogo wake amemjengea nyumba. Omaido alicheka, akasukuma mtumbwi, akaenda zake. Fidel alikimbia Majanji siku iliyofuata, lakini mtumbwi ulikuwa umekwisha kurudi visiwani. Hata hivyo siku Felistus alipoleta habari ndiyo ilikuwa ya furaha kubwa kuliko zote tulizomwona nazo Obbo, na jioni hiyo alikula ugali wake wote.

Mvua za Aprili zilimkuta amelala. Paa lilivuja juu ya godoro, na hatua chache tu kutoka hapo palikuwa na nyumba kavu yenye kufuli. Nanjala alimsihi akilia, "Acha tukubebe tukulaze kule, hata kwa wiki moja." Alikataa. Mdogo halali na mke wake katika nyumba ya mkubwa. Hata mabati yake hakukubali yapigwe juu ya kibanda, maana kupiga bati ni kujenga. Dada yetu akawa analala ameketi, ameshika sufuria juu ya kifua cha mume wake ili matone yasimfikie. Hilo tuliliona kwa macho yetu, na linatuuma mpaka sasa. Edwin Obbo alifariki Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, alfajiri, akiwa na miaka 57.

Felistus ndiye aliyepeleka tanzia Majanji, na safari hii alibeba picha ya nyumba kwenye simu. Alhamisi jioni Omaido alifika kwa miguu kutoka barabarani. Alisimama mbele ya mlango ule muda mrefu. "Nilidhani Felistus nanicheka," alisema. "Nani najengea mtu amepotea?" Nanjala alimpa ufunguo. Wazee wakamwambia alale humo, naye akalala.

Kulipokucha Ijumaa, njia ilikuwa imefunguka. Omaido alitoa mabati ya mdogo wake nje, akachimba shimo la nguzo ya kwanza yeye mwenyewe, na vijana wote wa Kiyeyi wakashika kazi. Ilipofika jioni nyumba ilikuwa imesimama. Ndiyo hiyo mnayoiona, udongo wake bado mbichi. Kwa mila mtu hulala kwake kabla ya kuzikwa, basi sanduku likaingizwa humo. Mvua ilinyesha usiku kucha na hapakuvuja hata tone. Nanjala alikaa kando ya sanduku mpaka asubuhi, akimwambia, "Baba Fidel, sikia. Sikia vile kumekauka." Katika nyumba aliyoingojea maisha yake yote, shemeji yetu amelala usiku mmoja tu.

Marehemu ameacha mjane, Bridgit Nanjala. Watoto watatu, Fidel, Quinter na Brian. Mjukuu mmoja, Lorine. Baba mdogo, Mzee Okochi. Mashemeji wengi wa Busia. Na kaka yake, Omaido, ambaye ametuomba tuandike hapa kwamba harudi tena ziwani.

Mungu ampokee Edwin, ampe pumziko aliloliahirisha kwa ajili ya mwingine. Lala salama, shemeji.