Mbaraka bin Asmani, Aliyetafuta Mahali pa Usingizi

Ndugu zetu mliotoka Gatete, Nyanza na hapa hapa Rumonge, amani iwe juu yenu. Leo, Ijumaa tarehe 28 Agosti 1914, tunatimiza arobaini ya ndugu yetu Mbaraka bin Asmani, na asubuhi hii tumechimba shimo dogo kaburini pake, upande wa kichwani, tukaweka humo kilichokuwa kimebaki juu ya ardhi, tukafukia. Wengine wenu mmeulizana kwa sauti ya chini ni nini kile kilichofungwa katika kitambaa cheupe, na familia imeona ni afadhali mjue yote tangu mwanzo, polepole, kwa utaratibu wake.

Marehemu alizaliwa Ujiji, mwezi wa Rajabu wa mwaka 1294, ambao kwa hesabu ya Wazungu ni Julai 1877, mtoto wa tatu wa mzee Asmani bin Hamissi, fundi wa mitumbwi, na mama Riziki binti Abasi, nao walihamia Rumonge mwaka 1883 wakiwa naye. Alisoma chuoni hapa kwetu, akahitimu Kurani mwaka 1889, na mwaka 1894 alifuatana na msafara wa wafanyabiashara hadi pwani, akaingia shule ya serikali huko Dar es Salaam, akajifunza herufi za Kizungu, hesabu na Kijerumani, akamaliza mwaka 1899.

Januari 1900 aliajiriwa katika hospitali moja ya pwani, chumba cha uchunguzi, na mwaka 1904 alipelekwa mji wa Hamburg kwa miaka miwili, akajifunza kukata ubongo vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, kuvitia rangi na kuvitazama kwa hadubini. Akirudi kueleza kazi hiyo hakutumia maneno magumu, alisema kwamba ndani ya kichwa cha mtu mmejaa chembe nyingi ndogo sana, kila moja ina vijitawi vyake, na hupokezana habari kama majirani wanavyopokezana kaa la moto wa kuwashia jiko, nyumba hadi nyumba, na kwamba nyumba moja ikikosa moto, zote zinazoitegemea hubaki gizani. Kazi ya maisha yake ilikuwa kutafuta ni nyumba zipi.

Tarehe 6 Aprili 1908 alirudi ufukweni kwetu pamoja na Daktari Hessler, Mjerumani, wakafungua kambi ya wagonjwa wa malale kusini ya Rumonge, na nyote mnakumbuka miaka ile, jinsi mbung'o walivyokuwa kwenye matete, na watu walivyosinzia mchana hata tonge likawaanguka, halafu usiku wakakesha wakizunguka uani. Wengine walisema ni uchawi, wengine walisema ni damu imeharibika, lakini swali la Mbaraka lilikuwa moja tu, kwa nini usingizi unageuka, na ni mahali gani katika ubongo pameguswa kwanza. Ili ajue, ilimbidi afungue vichwa vya waliokufa.

Jambo hilo halikupokelewa vizuri. Wavuvi wa Gatete walimwita Mupasua-vichwa, na akipita sokoni walimwambia, "Bwana Mbaraka, leo supu iko?" naye aliwajibu, "Iko, lakini kwa vichwa vyenu sitapata hata kikombe," wakacheka, lakini hawakumletea maiti. Ndipo alipokwenda kwa Mwalimu Hadji wa msikiti wetu, wakakaa na kushauriana, wakakubaliana kwamba ubongo hauwezi kukatwa siku ileile, kwa sababu lazima ukae wiki kadhaa katika dawa ili ukaze na kuwa mgumu, kwa hiyo mwili uzikwe bila kucheleweshwa, na kazi ikiisha, vipande vyote vikusanywe, vifungwe katika kitambaa safi, virudishwe kaburini upande wa kichwani, na dua isomwe tena. Kila chupa ya mtu wa Rumonge iliandikwa jina lake kwa herufi za Kiarabu, na kwa miaka mitatu hakuna familia iliyolalamika kwamba mtu wao hakurudi mzima.

Tarehe 17 Oktoba 1909 marehemu alimwoa Batuli binti Abdul, ambaye mamake, bi Mwanvua, aliuza mawese hapa sokoni, na siku ya posa bi Mwanvua alimtuma mshenga amwambie bwana harusi, "Binti yangu nakupa, kichwa chake uache palepale kilipo." Mungu aliwajalia watoto wawili, Radjabu, aliyezaliwa Agosti 1910, na Zena, aliyezaliwa Januari 1913.

Bi Mwanvua mwenyewe alishikwa na malale, akafa kambini tarehe 14 Machi 1911, na Batuli alikubali mamake afunguliwe, kwa sababu mumewe alimwahidi kwamba atarudi kama wengine. Mbaraka alifanya kazi ile kwa mikono yake, lakini alipofika kwenye kuandika jina, hakuandika, maana mnajua adabu yetu, mkwe hamtaji mama mkwe kwa jina lake, na kwake kuliandika kulikuwa sawa na kulitamka. Aliiweka chupa mwisho wa rafu, akasema moyoni kwamba yeye anaijua. Mwezi wa Mei aliitwa Nyanza kwenye wagonjwa, na akiwa huko, shehena ya kwenda Ulaya ilifungwa kambini, na kila chupa isiyo na jina ikahesabiwa kuwa haina mwenyewe, ikatiwa katika kasha. Aliporudi, meli ya ziwani ilikuwa imekwisha kufika Ujiji, na wapagazi walikuwa njiani kwenda pwani. Daktari Hessler aliandika kuomba irudishwe, akaandika tena, na jibu halikuja.

Batuli hakupiga kelele. Alimwambia mumewe neno moja, "Mama iko wapi?" na tangu siku ile hakumuuliza tena, akapika, akafua, akalea, lakini kaburini kwa mamake hakwenda, akisema haendi kumtembelea mtu nusu.

Tarehe 2 Februari 1913 Mbaraka alipata homa, akashika matezi ya shingo yake mwenyewe, akajichoma kidole, akaitazama damu kwa hadubini na kuwaona wale vidudu wa malale. Alichomwa sindano kwa miezi mingi, homa ikapungua, lakini macho yakafifia, na kufikia mwisho wa mwaka hakuweza tena kutazama kazi yake. Alichokuwa nacho ni kitu ambacho hakuna mgonjwa mwingine aliyewahi kumletea, maana wote walifika kambini wamechelewa, hakuna aliyejua usingizi wake uligeuka siku gani, lakini yeye alikuwa akijipeleleza tangu siku ya kwanza, na alipokosa macho, Batuli akawa macho yake. Alimuuliza, "Leo usingizi umenikuta wapi?" naye akamwambia, "Umekukuta nakuambia habari za kumpeleka Radjabu chuoni, ukaitika ndiyo, kumbe umelala," na yeye akacheka, akaomba daktari aandike saa.

Mwezi wa Mei mwaka huu, mbele ya Mwalimu Hadji na Daktari Hessler, marehemu aliomba kwamba akifa kichwa chake kifunguliwe, kwa kuwa ndicho pekee kinachoweza kujibu, na kwa kuwa aliyewaomba watu vichwa vya wazazi wao hawezi kukinyima chake. Batuli aliulizwa, akakubali. Alifariki Jumapili tarehe 19 Julai 1914, alasiri, nyumbani kwake, kichwa kikiwa mapajani pa mkewe, Daktari Hessler akakifungua kichwa, tukamzika jioni ileile, na ubongo ukabaki kambini katika dawa, ungoje kukaza.

Kabla haujakaza, vita vikaja. Daktari Hessler aliitwa jeshini, kambi ikafungwa, wagonjwa wakatawanyika na usingizi wao, na tarehe 20 Agosti Batuli alikwenda kambini, akamkuta daktari akipanga chupa katika majani makavu. Daktari alimwambia, "Mama Radjabu, hapa siwezi tena kuukata ubongo wake. Chupa naipeleka Kigoma, huko ipande garimoshi, na bahari ikifunguliwa ifike kwetu. Wewe ulisikia alivyotaka." Batuli alimuuliza itarudi lini, na daktari, ambaye hakuwahi kumdanganya mtu wa Rumonge, alisema hajui. Batuli alijua kwamba akiichukua, siku zote zile alizokaa akilinda usingizi wa mumewe zitakuwa bure, na akiiacha atakuwa na watu wake wawili ng'ambo ya bahari. Akaitoa chupa katika majani, akaifunga ndani ya nguo yake, akarudi nayo nyumbani kwa miguu, na daktari hakumzuia.

Ndicho hicho tulichofukia asubuhi hii, kizima, hakijakatwa.

Familia inamshukuru Daktari Hessler popote alipo, Mwalimu Hadji, wafanyakazi wenzake wa kambi, akina mama mliolala hapa uani siku zote za matanga, na ninyi wavuvi wa Gatete mliobeba jeneza bila kuombwa. Batuli ameagiza lisomwe wazi kwamba ahadi aliyompa mumewe mbele ya mashahidi hakuitimiza, na anamwomba radhi, lakini hakutuagiza kusema kwamba anajuta, nasi hatusemi. Alichokitafuta Mbaraka hakijulikani leo, na atakayekitafuta tena itambidi aanze na mtu mwingine.

Mbaraka, baba Radjabu, hakuna tena wa kukuamsha aandike saa. Pumzika kwa amani, mzima, hapa kwetu.