Aliyewasalimia Mama Zetu Kila Alhamisi: Maisha ya Yuliana Makongoro, 1986–2025

Dada yetu Yuliana alizaliwa Nyamuswa, wilayani Bunda, tarehe 14 Agosti 1986, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Makongoro na Mama Matrida. Mimi ninayesoma ni Stanislausi, mdogo wake wa pekee.

Alisoma shule ya msingi hapa Nyamuswa, sekondari Musoma, kisha chuo kikuu Dar es Salaam, alikohitimu uhandisi wa programu za kompyuta mwaka 2010. Alikuwa mkimya mno. Nyumbani tulimtania kwamba maneno yake anayaweka akiba.

Mwaka 2016 alirudi Mara, akapanga chumba Bweri, mjini Musoma, akatengeneza mfumo unaowapigia simu wajawazito kila Alhamisi kuwakumbusha kliniki na kuwaeleza dalili za hatari. Sauti iliyorekodiwa ilikuwa yake mwenyewe: “Habari mama, ni Yuliana. Unaendeleaje?” Kuanzia Mugango hadi Butiama, wanawake walimjua kwa sauti, wasimjue kwa sura. Jioni alirudi Bweri na kula peke yake.

Siku moja aliona kwenye mfumo mjamzito wa miaka sabini na mmoja. Akadhani ni hitilafu. Alipotazama namba, ni ya mama. Akapiga haraka.

“Mama, nani kakuandika una mimba?”

“Nilimwomba nesi Esther. Wajawazito ndo unawapigiaga, mwanangu. Sisi wengine hautupigiagi.”

Yuliana alicheka hadi akalia. Akataka kumfuta, awe anampigia mwenyewe. Mama akakataa: “Niache humo humo. Wewe unasahauga, hiyo haisahaugi.” Basi akamwacha, na kwa muda mrefu mama akawa anapigiwa na wote wawili.

Ndoa hakujaliwa. Posa ilikuja mara moja, kutoka Butiama, lakini mchumba alichoka kusubiri kazi imalizike, akaoa kwingine. Yuliana hakulizungumzia tena.

Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya damu. Alikwenda Mwanza kutibiwa peke yake, wala hakutuambia. Tangu Februari hakumpigia mama tena mwenyewe, maana sauti ilikuwa imekwisha. Lakini ile ya Alhamisi iliendelea kumsalimia, nzima na changamfu. Majirani walipouliza habari za mwanae, mama alijibu, “Mzima, nimemsikia jana.” Hilo linatuuma kuliko tunavyoweza kusema.

Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, saa tano asubuhi, hospitalini Musoma, alikopelekwa na jirani yake. Mama alipopewa taarifa alibisha. Jana yake tu alikuwa amesalimiwa.

Ameacha mama, mimi mdogo wake, na shangazi mmoja huko Mugango. Hakuacha mume wala mtoto.

Kazini kwake wametuuliza kama sauti iondolewe. Tumesema ibaki, wajawazito wameizoea. Mama peke yake ndiye aliyeomba namba yake ifutwe kwenye mfumo.

“Huyo wa kwenye simu hakuniambia kwamba mwanangu anaumwa,” alisema.

Tumeifuta jana jioni. Dada Yuliana, Mungu akupe pumziko la amani.