Dada Yetu, Fundi wa Lifti Aliyelala Hemani

Ndugu, majirani na ninyi nyote mliofanya kazi na dada yetu, poleni, na asanteni kwa kufika. Kazi ya kusoma maisha yake ilikuwa ya mume wake, shemeji yangu, lakini amesema akisimama hapa sauti itamkatika. Yangu nayo siiamini sana. Mkiniona nimenyamaza katikati, nivumilieni kidogo, nitaendelea.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya kupanga nyuma ya karakana za reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma na Mama alishona nguo sebuleni. Mama husimulia kwamba binti yake alianza kuwa na wasiwasi kabla hajajua kusema. Mlango ukiachwa wazi, alilia. Ukifungwa, alilia zaidi, maana hakujua aliyetoka atarudi lini. Mimi kitinda mimba nilipozaliwa yeye alikuwa na miaka kumi, na alijipa kazi ya kuhakikisha kwamba ninapumua. Nikilala alikuja kuniwekea kiganja puani.

"Mama, mtoto hapumui!"

"Anapumua, mwanangu. Ila wewe umemziba pua."

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, kisha sekondari ya wasichana ya bweni. Akiwa bado shule ya msingi, Baba alikwenda naye kwenye jengo moja la ofisi mjini, na lifti ikakwama kati ya ghorofa na ghorofa wakiwa ndani. Baba alituambia kuwa mtoto alimng'ang'ania mguu mpaka suruali ikachanika mshono. Fundi alipofika na kuufungua mlango, alimkuta binti bado ameung'ang'ania mguu, akachuchumaa mbele yake.

"Usiichukie, binti. Imesimama kwa sababu imeogopa. Ikihisi kitu hakiko sawa inajikamata kwa breki, inasubiri mtu aje. Ingekuwa haiogopi, sasa hivi tungekuwa tunazungumza mengine."

Dada alirudi nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyepata ndugu aliyepotea. Mwaka 1980 aliingia chuo cha ufundi kusomea umeme na mitambo, akahitimu mwaka 1982.

Februari 1983 aliajiriwa na kampuni ya kutengeneza na kukagua lifti, akadumu hapo hadi alipostaafu Machi 2019. Wenzake, ambao nawaona wamekaa pale kushoto, walimwita Angalia Tena. Akimaliza kukagua breki na kamba za chuma, akafunga sanduku lake la vifaa na kuaga, alifika barabarani akasimama, akageuka. "Ngoja niangalie tena." Tuliwahi kuwa mezani siku ya Jumapili, chakula kimeshapakuliwa, akainuka kwenda kutazama lifti ya hospitali moja kwa sababu alikumbuka kusikia mlio. Mara nyingi alikuta kila kitu kiko sawa. Lazima niliseme hilo, kwa sababu kwenye mazishi tuna tabia ya kumpamba mtu. Dada alihangaika bure mara nyingi sana, akajua kuwa amehangaika bure, na kesho yake akahangaika tena.

Mwaka 1986 aliitwa kwenye hoteli kubwa kutengeneza lifti ndogo inayopandisha vyombo na chakula kutoka jikoni kwenda mgahawani. Mpishi wa michuzi aliyekuwa zamu alimtazama akihangaika na ile mashine, akampa kijiko aonje mchuzi. Dada akauliza kama una karanga, kama una pilipili, kama sufuria lilikuwa limefunikwa. Mpishi akajibu yote bila kuchoka. Ndiye shemeji yangu huyu.

Baada ya wiki kadhaa shemeji alimkaribisha kula kwenye mgahawa uleule, ghorofa ya juu kabisa, siku ambayo yeye mwenyewe hakuwa kazini. Dada alivaa gauni la bluu aliloshonewa na Mama. Alisema aliogopa uma zote zile zilizopangwa pembeni ya sahani, akaogopa kitambaa cha meza kilivyokuwa cheupe, na sauti za watu zilivyokuwa za chini. Chakula kilipokuja, kilikuwa kipande cha samaki kisichozidi kidole gumba na tone la mchuzi wa kijani. Alimnong'oneza mhudumu, "Samahani, nadhani hii mmeileta kabla haijaisha kupakuliwa." Kisha akasikia kitu kinakwaruza ukutani. Akaacha uma, akatoka na gauni lake hadi kwenye lifti, akamwambia mlinzi asipandishe mtu yeyote. Watu walizuiwa chini, meneja akaja amekunja uso. Mlio ulikuwa wa kigari cha sahani chenye gurudumu bovu.

Alirudi mezani akitamani ardhi ipasuke. Shemeji akamuuliza, "Sasa unaweza kula?"

"Sasa naweza."

"Basi ngoja niwaambie wakupashie."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Agosti 1988. Kila ilipofika siku hiyo walichagua mgahawa mmoja mzuri ambao hawajawahi kufika, wakaenda kula wawili tu. Dada alikaa pale anapouona mlango wa kutokea. Alijifunza kula taratibu, kuuliza kilichomo kwenye mchuzi bila aibu, hata kumkosoa shemeji nyumbani kwamba nyama yake imekosa kitu fulani. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti mwaka 1990 na mvulana mwaka 1993.

Nyumbani alikuwa na mambo yake madogo. Alijaza fumbo la maneno la gazeti kwa penseli, kwa sababu kalamu haifutiki. Alifuma kofia za sufu, zote kubwa kupita kiasi, akisema ya kubana itazuia damu. Alipanda maua kwenye vyungu barazani ghorofa ya tatu, na kila chungu alikifunga kwa waya kwenye chuma cha baraza kisije kikamwangukia mpita njia. Kuna jirani aliwahi kuniambia kwamba hayo ndiyo maua pekee aliyoyaona yamefungwa kama wafungwa.

Kilichotushangaza wote ni kupenda kwake kupiga kambi. Shemeji ndiye aliyeanza, kwa kuwa mtu anayeshinda jikoni kwenye moto hutamani upepo. Dada alikubali kwa masharti. Alibeba tochi, na tochi nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza. Alibeba dawa za magonjwa ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Alibeba pia kamba yake ya kazini na mikanda ya usalama, ile wanayovaa mafundi wakiwa ndani ya shimo la lifti, na shemeji akamuuliza kama huko msituni kuna ghorofa.

Desemba 2001 tulipiga kambi kando ya mto, mimi nikiwa pamoja nao. Ilikuwa mchana, jua kali, hakuna hata wingu. Shemeji na binti yao walivuka maji yaliyofika magotini wakaenda kuvua samaki kwenye jiwe kubwa katikati ya mto. Dada alikuwa akimenya viazi. Ghafla aliinua kichwa.

"Maji yamebadilika rangi," alisema.

Nikamwambia ameanza. Lakini nilipotazama, kweli mto ulikuwa umegeuka kahawia, na vijiti na majani vilikuwa vinapita kwa kasi. Mvua ilikuwa imenyesha mbali huko juu. Kabla sijavaa viatu, maji yalishafika kifuani mwa mtu, na lile jiwe lilikuwa linapungua. Mimi nilipiga kelele. Nilipiga kelele za maneno yasiyo na maana yoyote, nikikimbia huku na huku. Mpwa wangu mdogo akaanza kulia kwa sababu ya kelele zangu.

Dada hakupiga kelele. Sauti yake ilishuka ikawa ya chini kuliko nilivyowahi kuisikia. Alifunga kamba kwenye mti, akaivuta kwa uzito wake wote kuijaribu, akaivuta tena. Akanifunga mkanda mmoja kiunoni, akaniambia, "Wewe shika hapa, na ufunge mdomo." Akafunga mkanda mwingine kwenye ncha ya kamba, akautupa. Ukaangukia majini. Akauvuta, akautupa tena, shemeji akaudaka.

"Mvishe mtoto kwanza!"

Tulimsikia binti vizuri akisema, "Mama, naogopa!"

"Na mimi naogopa, mwanangu. Funga tu. Pitisha mguu wa pili. Vuta hapo kifuani. Baba, angalia tena hapo kifuani."

Tulimvuta. Katikati ya mto alizama, kamba ikawa nzito mikononi mwetu, na hatukumwona. Siwezi kuwaambia muda ule ulikuwa mrefu kiasi gani. Dada aliendelea kuvuta bila kubadilisha mwendo, mkono mmoja baada ya mwingine, mpaka kichwa kikatokea. Baba yake alivutwa baadaye, maji yakiwa tayari yamelifunika jiwe.

Wote walipokuwa nchi kavu, dada aliwasha jiko akachemsha chai. Alipotaka kuimimina, chai ikamwagika yote nje ya vikombe, na akamgombeza shemeji vikali kwa sababu ya kikombe kimoja kilichokuwa na ufa. Shemeji alimwacha agombe mpaka alipochoka, kisha akamkumbatia.

Tulidhani kambi zimeishia hapo. Baada ya miezi michache yeye mwenyewe ndiye aliyelishusha hema kutoka juu ya kabati. Nilimuuliza kama ana akili timamu.

"Mdogo wangu," akaniambia, "huko ninachokiogopa nakiona. Humu ndani naogopa nisichokiona, na usingizi haupatikani. Hemani nalala."

Waliendelea kwenda karibu kila mwaka, mbali na mito.

Mwaka 2022 alianza kuchoka akipanda ngazi. Madaktari waligundua kwamba moyo wake umepanuka na hausukumi damu inavyotakiwa. Hapo sisi wengine tukaambukizwa wasiwasi. Tulipiga simu asubuhi na mchana. Mpwa wangu mdogo alihamia nyumbani kwao, akawa anasimama mlangoni kusikiliza mama yake anavyohema. Shemeji, aliyepika michuzi maisha yake yote, alipika bila chumvi na kusimama pembeni akimtazama usoni kila kijiko. Agosti iliyofuata hawakuweza kwenda mgahawani, basi shemeji akatandika kitambaa cheupe kando ya kitanda, akampakulia kidogokidogo, sahani baada ya sahani. Dada alikula yote, akasema, "Imekosa kitu fulani." Wakacheka mpaka akakosa pumzi, nasi wote tukakimbilia chumbani kwa hofu.

Mwezi Oktoba mwaka huu, akiwa amelazwa, nilimuuliza kwa nini haogopi.

"Nani kakwambia siogopi? Naogopa sana. Ila mimi nimeogopa maisha yangu yote, nimezoea. Nyinyi ndio wanafunzi. Njoo ukae hapa."

Nikakaa. Akanishika mkono kama vile mimi ndiye mgonjwa.

Alifariki Jumamosi tarehe 9 Novemba 2024, saa za mchana, mumewe akiwa amemshika mkono mmoja na binti yake mwingine. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Ameacha mume, binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu wawili, na sisi wadogo zake wanne. Amemwacha pia Mama yetu, ambaye amekaa hapa mbele. Leo asubuhi, kabla jeneza halijafungwa, Mama aliuliza kama mwanawe amevaa soksi, kwa kuwa ardhi ni baridi.

Amevaa, Mama. Mjukuu wako alimvisha mwenyewe. Ni za sufu.

Dada, umetuangalia vya kutosha. Sasa lala, Mungu akupe utulivu ambao hapa duniani uliutafuta sana.