Ukiitwa Kaburini Usiitike

Benchi la nje ya baa ya Ivonne, juu kidogo ya ghuba ya Baratti, lina wenyewe, na mgeni akilikalia hutazamwa mpaka ainuke kwa hiari yake. Asubuhi ile dhoruba ilikuwa imepumua kidogo. Bahari bado ilikuwa rangi ya tope, na njia ya makaburi ya Waetruski, wale wafua chuma wa kale, ilikuwa imefungwa kwa kamba. Watalii hamna. Alikuwepo Msumari, mstaafu wa kiwanda cha chuma. Alikuwepo Padri, padri wa jina la utani tu, ambaye kanisani mara ya mwisho aliingia siku ya ndoa yake. Katikati yao alikaa Nedo, mfuga nyuki, ambaye hapo benchini wanamwita Kiberiti kwa kuwa huwaka upesi. Leo hakuwaka. Kikombe kilimwinamia mkononi, kahawa ikammwagikia suruali, wala hakuifuta. Alikuwa na hofu, na hakuona haya kuisema.

– Nimeitwa.

– Na nani? Mkeo? Msumari akacheka.

– Na wafu.

– Acha masihara asubuhi yote hii!

– Jana jioni mvua ilipokatika nilishuka kutazama mizinga yangu, nikakatisha makaburini. Lile la mwisho, la karibu na maji, limefukiwa mlango. Kilima kimeporomoka chote. Nimesimama natazama, nikasikia mtu anakohoa chini ya udongo.

– Upepo huo.

– Upepo unajua jina langu? Limeniita, "Nedo!" Sauti imekauka, kama ya mtu aliyekula mchanga.

Msumari hakucheka tena.

– Limesema Nedo? Si Kiberiti?

– Nedo.

– Mh! Nje ya nyumba yenu nani anakuita Nedo?

– Ndiyo ujue hao si watu wa mchezo, akasema Padri, akipiga ishara ya msalaba kwa mkono wenye sigara. Wanakujua kwa jina la ubatizo.

– Waetruski walibatizwa wapi, we Padri?

– Usinibishie mambo ya dini! Kiberiti, uliitika?

– Niitike? Mimi? Bibi alinifundisha kabla sijajua kufunga viatu: ukiitwa kaburini, usiitike. Anayeitika anafuata. Nilitoka nduki, kiatu kimoja kimebaki kule kule.

– Umefanya la maana. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

– Lakini mimi nilikimbia!

– Na ulijikwaa? Hukujikwaa. Basi.

Usiku kucha Nedo hakuwa amelala hata kidogo. Alikaa kitandani akisikiliza mvua iliyorudi, akingoja kuitwa tena.

– Liliita mara moja tu? Msumari akauliza.

– Lilirudia. Kisha likagonga, jiwe kwa jiwe. Nikaziba masikio.

– Sikilizeni, mimi nimeshajua. Makaburi yale yalikuwa yamelala chini ya kilima cha mabaki ya chuma, sivyo? Babu zetu wakaja wakayazoa mabaki wakayayeyusha upya. Sasa jamani, lile lilikuwa blanketi lao! Wanasikia baridi. Na babu yake Kiberiti ndiye aliyekuwa akisukuma toroli. Wanamtaka mjukuu akawafunike.

– Na jina wamelitoa wapi?

– Wamelisikia! Marehemu mama yake kila kiangazi alikuwa akipiga kelele pwani nzima: "Nedo, toka majini! Nedo, njoo ule!" Wale wamelala pale chini, kazi yao kusikiliza tu.

Nedo akageuka kutazama njia ya makaburi.

– Hapana, akasema Padri, akishusha sauti. Ni zaidi ya hapo. Mle ndani kuna vitanda vya mawe, vingine vitupu. Mmewahi kujiuliza vinamsubiri nani? Wamefungua mlango...

– Kasema umefukiwa!

– Wamefunga wakitandika! Mgeni njoo, mwenyeji apone!

– Padri, nakuomba unyamaze, akasema Nedo. Naogopa, ndugu yangu. Nina wajukuu mimi.

– Basi dawa ni moja. Usikanyage kule. Wala sisi hatukanyagi. Tumwache aite mpaka achoke.

– Achoke mwenyewe, Msumari akaunga mkono.

Ndipo Derna, dada yake Nedo, alipotokea kwenye kona, koti la mvua juu ya gauni la kulalia, nywele hazijachanwa. Benchi lile hakuwa na kawaida ya kulisogelea. Alisema limejaa wavivu.

– Kaka, mmemwona mume wangu?

– Ottorino? Kwani hayuko nyumbani?

– Jana mchana alishuka ufukweni kuokota kuni zilizotupwa na bahari. Mvua ilipozidi nikasema, kajikinga, kisha kaenda kulala kwa nduguye. Nimetoka huko sasa hivi. Hakufika. Mmemwona?

Msumari alitazama viatu vyake. Sigara ya Padri ilifika vidoleni ikamchoma, naye hakuitupa.

– Mbona hamnitazami? Nedo! Si nasema na wewe?

Nedo alikuwa ameshainuka. Kikombe kilianguka kikavunjika. Alimpita dada yake bila kumtazama usoni, akairuka kamba, akashika njia ya makaburini kwa magoti yake mabovu, akikimbia na kuita kwa sauti yote aliyokuwa nayo:

– Naam! Naam, shemeji! Naam!